Bi Rangi na Nchi Iliyobaki Nyeupe

Chumba cha kuchorea ramani kilikuwa ghorofa ya tatu, upande ambao jua halikuingia moja kwa moja. Mwanga wake ulikuwa mwepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, na saa za mchana zilipita humo bila kukanyaga sakafu. Humo ndimo alimofanya kazi Bi Rangi kwa miaka ishirini na saba. Mimi nilikuwa msahihishaji wa kampuni hiyo ya vitabu vya shule. Meza yangu ilitazamana na yake. Mimi nikiwinda herufi zilizopotea njia, yeye akipaka nchi rangi.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mpole, mwenye madoa ya wino vidoleni yasiyosikia sabuni, na alikuwa na tabia moja iliyompandisha mhariri wetu presha: alisafiri. Alisafiri akiwa amekaa kitini. Mkono unapaka taratibu, lakini macho yamekwenda zake.

"Umefika wapi leo?" nilikuwa nikimuuliza.

"Nipo mtoni hapa," angejibu bila kuinua kichwa. "Watu wanafua. Maji ya baridi kweli."

Siku moja alisafiri mbali mno, akalipatia ziwa moja ghuba ambayo Mungu hakuliumba nayo. Vitabu vikachapwa, vikasambazwa, vikasomwa. Mimi niliyepaswa kuiona sikuiona, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyelalamika. Nadhani mpaka leo kuna watu wazima wanaoamini ghuba ile ipo.

Basi, mwaka ninaousimulia, mhariri aliingia asubuhi na kalamu sikioni, kama kawaida yake, akamwekea Bi Rangi karatasi mezani.

"Ramani ya ukutani," alisema. "Mifumo ya serikali duniani, kwa sekondari. Ufalme njano, jamhuri kijani, chama kimoja zambarau, jeshi kahawia. Orodha ya nchi ipo hapo. Rangi nne, wiki sita. Safari hii usiende popote, dada yangu. Kaa hapa hapa."

"Nipo, mkuu," alisema Bi Rangi, na macho yake yalikuwa yamekwisha kuondoka.

Siku mbili za kwanza alifurahi. Aliichora dunia nzima kwa mstari mwembamba, tupu, nyeupe, akaitandaza juu ya meza mbili zilizounganishwa, akawa anaizunguka akiwa peku ili asikie baridi ya sakafu. Kisha akaanza njano. Siku ya tatu niliona brashi imesimama hewani, tone la rangi likining'inia.

"Njoo uone," aliniita. "Hawa wafalme wawili."

Zilikuwa falme mbili, zote kwenye orodha ya njano. Yeye alikuwa amesoma habari zao kwenye vitabu vya maktaba ya chini, maana hakuwahi kupaka nchi asiyoijua. Katika ile ya kwanza, mfalme alitunga sheria, akateua mawaziri, akalivunja bunge alipoamka vibaya. Katika ya pili, mfalme alifungua bunge mara moja kwa mwaka kwa hotuba iliyoandikwa na waziri mkuu, na hakuruhusiwa kuongeza hata mkato.

Mhariri alipopita, Bi Rangi alimshika mkono wa shati.

"Mkuu, hawa siwezi kuwapaka rangi moja."

"Wana mataji wote?"

"Wanayo."

"Basi njano. Mfalme ni mfalme."

"Huyu wa kwanza akikohoa, mtu anafungwa," alisema Bi Rangi. "Huyu wa pili akikohoa, anapewa dawa."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai juu ya prufu, kurasa za majaribio nilizokuwa nikisahihisha. Mhariri hakucheka. Alisema mwanafunzi wa kidato cha pili hana shida na makohozi ya wafalme, ana shida na mtihani, akaenda zake.

Bi Rangi aliiacha brashi ndani ya glasi ya maji. Alasiri ile alikaa muda mrefu akitazama dirisha, na alipoinuka kitini alichukua karatasi ya barua, akamwandikia kaka yake.

Kaka yake alikuwa karani wa mahakama katika nchi ya jirani. Alioa huko ujanani mwake, akapewa uraia, na hata mkewe alipofariki hakurudi. Nchi yenyewe kwenye ramani ilikuwa ndogo, ya kufunikwa kwa kiganja, umbo lake kama kiatu kilichokanyagwa. Orodha ya mhariri iliiita jamhuri. Ilikuwa na katiba nzuri, nene, na uchaguzi kila baada ya miaka mitano, na rais wao alikuwa amechaguliwa mara nne mfululizo na watu karibu wote, hata waliokwisha kufa.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, kwa mwandiko wa kikarani, kila herufi imenyooka kama inasubiri kuitwa. Bi Rangi alinisomea kwa sauti wakati wa chakula cha mchana.

"Mdogo wangu," kaka aliandika, "umeniuliza serikali yetu ni ya aina gani. Ukitaka ya kwenye karatasi, ni jamhuri yenye mihimili mitatu: serikali, bunge na mahakama, kila mmoja umesimama peke yake. Mwaka jana wachuuzi walimshtaki mkuu wa mkoa hapa kwetu, kwa kuwa aliwanyang'anya uwanja wa soko. Jaji akawapa haki. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu jaji akapata barua ya uhamisho, akapelekwa mji ambao hata barabara yake haijafika. Uwanja haukurudi. Kwa hiyo mimi ninapotazama serikali yoyote siulizi inaitwaje. Nauliza mambo mawili. Huyu mkubwa amewekwa na nani? Na nani anaweza kumwambia hapana, kisha kesho yake akaamka akaenda kazini salama? Wewe paka rangi, lakini uliza kwanza. Kikohozi changu hakijambo. Kaka yako."

Bi Rangi aliikunja barua ile mara nyingi sana, mpaka ikawa ndogo kama stempu, halafu akaikunjua tena.

"Kuna la tatu amelisahau," alisema. "Mkubwa anaondokaje?"

Kuanzia siku ile chakula chetu cha mchana kiligeuka darasa. Tulichukua karatasi kubwa, tukaandika majina ya nchi ubavuni, maswali juu, tukawa tunajaza. Sijapata kufurahia kazi ambayo sikuagizwa kama nilivyoifurahia ile. Mara nyingi tulikaa tu, mkate mkononi, na nchi zikapita mbele yetu polepole kama mawingu.

Tulianza na jamhuri. Nilikuwa nikidhani jamhuri ni jamhuri. Lakini kwenye moja, wananchi walimchagua rais wenyewe, kwa miaka maalumu, na bunge likichukizwa naye lilipaswa kuvumilia mpaka muda wake uishe, isipokuwa ametenda kosa kubwa. Kwenye nyingine rais alikuwepo kwa heshima tu. Mwenye kazi alikuwa waziri mkuu aliyetoka ndani ya bunge, na wabunge wakipiga kura ya kutokuwa na imani naye Jumanne, Jumatano anafungasha vitabu vyake. Tena kulikuwa na zile zilizochanganya, rais mwenye nguvu na waziri mkuu mwenye nguvu, kama jiko moja lenye wapishi wawili.

"Ajabu yake," Bi Rangi alisema, "yule mfalme wangu wa hotuba anafanana zaidi na hii jamhuri ya waziri mkuu kuliko anavyofanana na mfalme mwenzake. Ukiondoa taji, ni nyumba ileile."

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya shirikisho. Mimi nilitaka tuliongeze kama rangi ya tano: nchi ambazo majimbo yana mabunge yao na sheria zao, na serikali kuu haiwezi kuyafuta kwa kupenda kwake. Bi Rangi alikataa. Aligonga meza kwa kidole, jambo ambalo hakulifanya kila mwaka.

"Hapana, bibie. Shirikisho linaweza kuwa na mfalme, linaweza kuwa na rais. Ukilipatia rangi, utalinyang'anya mfalme wake. Hilo ni swali jingine, linataka alama nyingine."

Hapo ndipo ramani yake ilipopatikana. Rangi ingejibu nani amekaa juu na amewekwaje. Mistari ya mshazari juu ya rangi ingejibu kama yupo wa kumwambia hapana na wa kumwondoa kwa amani: mistari ya karibu karibu pale ambapo bunge, mahakama na magazeti vinafanya kazi kweli, mistari ya mbali mbali pale vinapofanya kwa kusuasua, na pale vilipokufa, rangi tupu. Shirikisho lingepata vitone mipakani mwa majimbo. Wafalme wale wawili wangekuwa njano wote, lakini mtoto wa miaka kumi na tano angeona kwa jicho tu kwamba si wa namna moja.

Alimpelekea mhariri kipande cha mfano. Mhariri alikitazama kwa dakika nzima.

"Kizuri," alisema. "Na hakiwezekani. Nani atakubali nchi yake ikose mistari? Balozi wao atanipigia simu mimi, hakupigii wewe. Rudi kwenye rangi nne, tafadhali."

Bi Rangi hakubishana. Alirudi, akapaka njano yake, akaenda kwenye kijani. Lakini niliona kwamba amepoa. Hakusafiri tena. Nilipomuuliza amefika wapi, alisema, "Nipo hapa hapa," na jibu hilo lilinisikitisha.

Wiki ya tano, asubuhi, mlinzi wa mlangoni alipandisha sauti ya redio yake mpaka ikasikika ngazini. Wanajeshi walikuwa wamechukua nchi ya jirani. Rais alikuwa hajulikani alipo, katiba imesimamishwa, bunge limefungwa, watu watulie majumbani. Sauti iliyosoma tangazo ilikuwa ya kijana, na ilijikwaa kwenye maneno marefu.

Bi Rangi alisikiliza akiwa amesimama, brashi mkononi. Kisha akaenda kwenye simu ya ofisi, akapiga nyumba ya kaka yake. Haikuita. Akapiga mahakamani. Haikuita. Alipiga kila siku kwa siku kumi na tisa, saa nne kamili, na kila siku simu ililia ile sauti ndefu ya kitu kilichokatwa.

Mhariri alikuja juma lililofuata na kikopo cha kahawia. Alikiweka mezani kwa upole, nampa haki yake.

"Ile ya jirani," alisema. "Naona bado nyeupe. Sasa si kijani tena."

"Kaka yangu yumo humo," alisema Bi Rangi.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeonyesha chumba ambacho mgonjwa amelala. Mhariri alitazama ile nafasi nyeupe, ndogo, ya kiganja, katikati ya dunia iliyokwisha kujaa rangi. Aliitoa kalamu sikioni, akairudisha.

"Wachapaji watasubiri," alisema. "Nitawaambia wino umechelewa."

Siku zile zote naziona kama nilizitazama kupitia karatasi ya kufuatishia, umbo lipo lakini limefifia. Mvua ilinyesha bila kelele. Bi Rangi alikuja kila asubuhi, akavua viatu, akakaa mbele ya ramani, na mara nyingine alilaza kiganja chake juu ya nchi ile nyeupe, akakiacha hapo, kama mtu anayepima homa. Alikuwa amesafiri tena, na safari hii nilijua alikokwenda, na sikumuuliza.

Siku ya ishirini, saa sita mchana, mlango ulifunguliwa, akaingia mwanamume mrefu mwenye mvi, suti imekunjamana, sanduku moja mkononi. Alikuwa na uso uleule wa Bi Rangi, ila umechongwa kwa kisu kisicho kikali.

"Mdogo wangu," alisema, "mlinzi wenu ameniuliza kama nimeleta karatasi za kuchapia. Nikamwambia ndiyo."

Bi Rangi hakupiga kelele. Alikwenda akamshika masikio yote mawili, kama tunavyowashika watoto, akamtazama, akaweka paji la uso wake begani kwa kaka yake, na wakakaa hivyo muda mrefu. Nilijifanya nasahihisha. Ukurasa ule baadaye ulikutwa na makosa saba.

Tulimpa chai na mkate. Alikula kwa adabu, polepole, halafu akasimulia. Mahakama haikufungwa. Siku ya tatu tu waliitwa kazini, na walikuta ukumbi uleule, viti vilevile. "Picha ukutani ilikuwa imebadilishwa," alisema. "Msumari ni uleule." Waliambiwa kesi zote zipokelewe isipokuwa zinazohusu jeshi. Wiki ya pili alikuja mwanamke, mshonaji, mumewe amechukuliwa na askari na hajulikani alipo. Alikuwa na ombi lililoandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini: mahakama iamuru mume wake aletwe mbele ya jaji.

"Karani aliye kulia kwangu alisema halipokelewi. Wa kushoto alisema halipokelewi. Mimi nikagonga muhuri. Mkono uligonga wenyewe, sisemi ulikuwa na ushujaa. Likishagongwa muhuri lina namba, likiwa na namba jaji analazimika kulisoma. Na jaji alilisoma, akaamuru. Na wale askari, sijui kwa nini, labda hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba amri ya jaji haina kazi tena, wakamleta. Akatoka na mkewe, kwa mguu, akiwa na viatu vya mtu mwingine. Kesho yake asubuhi jaji alifukuzwa, na mimi mchana. Yeye wamemweka ndani. Mimi nilionekana mdogo, wakaniambia niende nikalale. Nikachukua sanduku."

Kaka aliinuka, akaizunguka ramani, mikono nyuma, mpaka alipofika kwake.

"Mbona nyeupe?"

"Nilikuwa nakusubiri," alisema Bi Rangi.

"Ipake. Kahawia. Usinionee haya."

"Na mistari?" Alikuwa amemweleza mpango wake wa mistari, ule uliokataliwa. "Kuna mtu amesema hapana. Mume amerudi nyumbani."

Kaka alifikiri kama karani, yaani bila kuharakishwa na machozi ya mtu yeyote. "Ilikuwa siku moja," alisema. "Maswali yangu mawili unayajua. Hapana ilisemwa, lakini waliosema hawakuamka wakaenda kazini salama. Kwa hiyo mistari hakuna. Ukiiweka utakuwa unanipenda mimi, hutakuwa unachora ramani. Ila andika tarehe. Chini, pembeni. Serikali si mlima, mdogo wangu. Andika kwamba ilikuwa hivi mwezi huu."

Mhariri alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyejua ameingia lini. Aliomba kuonyeshwa tena kile kipande cha mfano. Alikishika karibu na dirisha. Akauliza mistari ile itaongeza siku ngapi.

"Kumi na mbili," alisema Bi Rangi.

"Ninazo nane," alisema mhariri. "Na mabalozi mtaniachia mimi."

Tulifanya kazi siku nane. Kaka alikaa kwenye kona akitusomea vitabu vya maktaba ya chini, nchi baada ya nchi, sauti yake ya kusoma hukumu, na mimi nikahakiki kila alama dhidi ya jedwali letu la chakula cha mchana. Zipo tulizobishania: nchi ya chama kimoja ambayo ndani ya chama hicho watu waligombana kweli na kuondoana kwa kura, nyingine yenye vyama kumi na viwili vilivyofikiriwa vyote na mwenyekiti mmoja. Zipo tulizokosea, nina hakika. Nchi ya kiatu kilichokanyagwa aliipaka mwenyewe, mwisho kabisa, kahawia tupu, kwa mipigo mitatu ya brashi. Kisha akaandika tarehe pembeni.

Ramani ilipotoka, mabalozi wawili walipiga simu kweli, na mhariri alizungumza nao akiwa amesimama, kalamu sikioni, akisema "naam, mheshimiwa" mara nyingi bila kubadilisha kitu. Walimu waligawanyika. Wengine waliandika kwamba ni ngumu mno. Mmoja aliandika kwamba wanafunzi wake walikaa vipindi viwili wakigombana nchi yao inastahili mistari ya namna gani, na kwamba mkuu wa shule ameishusha ukutani. Barua ile Bi Rangi aliisoma akitabasamu.

Kaka aliishi naye miaka mitatu. Alipata kazi ya kuwaandikia watu maombi na barua za serikali, kwenye meza ndogo nje ya posta, na jioni waligombana juu ya chumvi kama watoto. Kisha kule kwao jeshi likarudi kambini, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa wema, uchaguzi ukafanyika, na jaji akatolewa ndani akiwa amekonda. Aliandika barua fupi: anahitaji karani.

Bi Rangi aliomba likizo amsindikize. Walipanda treni ya asubuhi. Alinieleza aliporudi, huku akisafisha brashi zake, kwamba alikuwa ameapa kuuona mpaka kwa macho yake, maana ameuchora mara zisizo na idadi na hajawahi kuuvuka. Alikaa dirishani. Aliona mashamba ya mahindi, mbuzi, kanzu nyeupe imeanikwa kwenye ua, mashamba tena. Treni ilikuwa inabembea, kaka yake anasoma gazeti, jua limelala mapajani mwake kama paka. Akafumba macho kidogo tu.

"Nilipoamka," alisema, "alikuwa ameshika begi langu, ananiambia tumeshafika."